Shabiki wa Chui Hajakosea Timu

Kuanzia Kombe la Dunia la 1978 hadi lile la Qatar mwaka 2022, timu ya taifa ya Kongo, Chui, ilikosa fainali 12 mfululizo. Kombe la Mataifa ya Afrika ililitwaa mwaka 1968 kule Addis Ababa na 1974 kule Cairo. Tangu hapo imeambulia nafasi ya tatu mara mbili, 1998 na 2015, na nafasi ya nne katika michuano iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Mtu wa Kamanyola aliyezaliwa baada ya Machi 1974 hajawahi kuona nchi yake ikiinua kombe hilo, na huenda sasa ana wajukuu.

Juu ya historia hiyo pamejengeka mtazamo ambao husikika kila mechi inapoharibika. Kamanyola ni mji wa soko katika bonde la Ruzizi, chini ya mteremko wa Ngomo, na Rwanda na Burundi ziko mlangoni pake. Siku ya mechi jenereta hunguruma nyuma ya kibanda cha mbao, madirisha huzibwa kwa turubai ili picha ionekane vizuri, watoto hukaa chini mbele ya skrini na wazee husimama mlangoni. Bao la kwanza la Chui huamsha mtaa mzima. Wageni wakisawazisha kibanda hunyamaza, na wakiongeza jingine watu huanza kutoka nje mmoja mmoja. Hapo ndipo maneno huanza: Kongo ni ya muziki, mpira waachiwe wenyewe, timu hii imerogwa, sikio la kufa halisikii dawa, mwenye akili hushabikia Barcelona.

Ndani ya maneno hayo mna madai matatu. La kwanza ni kwamba kufungwa ni tabia ya timu hii, jambo lisilo na sababu nyingine zaidi ya bahati mbaya au uchawi. La pili ni kwamba anayeendelea kuishabikia ni mjinga anayejitafutia machungu. La tatu ni kwamba dawa ipo, nayo ni kuhama. Madai haya husemwa kwa wepesi na kukubaliwa kwa wepesi, tena na watu wanaoipenda nchi yao. Yote matatu hayasimami.

Dai la kwanza hutegemea sana mwaka 1974, kwa hiyo mwaka huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, ilikwenda Ujerumani Magharibi ikiwa bingwa wa Afrika na ikiwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Miezi mitatu kabla yake, kule Cairo, ilitoka sare ya mabao 2-2 na Zambia katika fainali ya Afrika, mechi ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne yalifungwa na Ndaye Mulamba. Alimaliza michuano ile akiwa na mabao tisa, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia katika michuano ya mwaka mmoja. Hao ndio watu ambao baadaye walisimuliwa ulimwenguni kote kana kwamba waliokotwa kijijini na kuvalishwa viatu.

Mechi ya kwanza, mjini Dortmund, walifungwa na Scotland 2-0, matokeo ambayo hayamfedheheshi mgeni yeyote wa fainali. Balaa lilikuja mechi ya pili, tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen, walipofungwa na Yugoslavia 9-0. Kilichotokea katikati ya mechi hizo mbili kinajulikana, kwa sababu wachezaji wenyewe walikisimulia: waligundua kuwa fedha walizoahidiwa zimeishia mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao, wakatishia kugoma, na wakaingia uwanjani wakiwa wamevunjika moyo. Katika mechi hiyohiyo kipa Kazadi Mwamba alitolewa mabao yakiwa matatu tu, na Ndaye Mulamba akaonyeshwa kadi nyekundu kwa kosa lililofanywa na mwenzake. Mtu anayeijumlisha siku hiyo kwa neno "wabovu" amekataa kusoma kilichoandikwa mbele yake.

Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Brazil, tarehe 22 Juni. Dakika za mwisho Brazil walipata mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari. Filimbi ilipolia, beki Mwepu Ilunga akatoka ukutani mbio na kuupiga mpira mbali kabla Mbrazili yeyote hajaugusa. Picha ile imezunguka dunia kwa miaka 50 ikiambatana na kicheko: Mwafrika asiyejua sheria za mpira. Mwepu, aliyekuwa amecheza mashindano ya Afrika miaka kadhaa na kuyashinda, alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Alisema walinzi wa Rais Mobutu waliwajia baada ya mechi ya Yugoslavia na kuwaambia kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne, wasifikirie kurudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Mpira ule aliupiga kwa hasira, ili watu waliomdhulumu waione. Dunia ikaigeuza hasira hiyo kuwa ujinga, na kinachouma zaidi ni kwamba Wakongo wengi wameipokea tafsiri hiyo na kuirudia kama yao.

Na dhuluma haikuishia Ujerumani. Ndaye Mulamba alialikwa Tunisia mwaka 1994 kuheshimiwa kwa rekodi yake. Aliporudi nyumbani alivamiwa na watu wenye silaha waliodhani amerudi na fedha, akapigwa risasi ya mguu, na hatimaye akakimbilia Afrika Kusini, ambako aliishi maisha ya dhiki. Mwaka 1998, katika michuano ya Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kumwomboleza kwa sababu ilitangazwa kuwa amekufa. Alikuwa hai Cape Town, na riziki yake ilikuwa ni kulinda magari yaliyoegeshwa. Alifariki Januari 2019. Nchi inayomtendea hivyo mfungaji wake bora haina haki ya kusema kwamba matokeo yake mabaya yaliletwa na wachawi.

Tukisogea karibu zaidi, dai la tabia ya kufungwa linazidi kudhoofika. Katika kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2018 Kongo ilimaliza na pointi 13 na Tunisia 14. Pointi hiyo moja ilipotea tarehe 5 Septemba 2017, katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa: Chui waliongoza 2-0 mapema kipindi cha pili, kisha ndani ya dakika chache kuelekea mwisho wakafungwa mawili na mechi ikaisha sare. Machi 2022 walicheza na Morocco mechi mbili za mwisho za kufuzu, wakatoka 1-1 Kinshasa na kufungwa 4-1 Casablanca. Tarehe 9 Septemba 2025, katika uwanja uleule wa Kinshasa, waliongoza tena 2-0, safari hii dhidi ya Senegal, na wakafungwa 3-2.

Uwanja huo ulipofunguliwa mwaka 1994 uliitwa Kamanyola. Mobutu aliupa jina hilo kwa kumbukumbu ya mapigano ya Kamanyola ya 1964 aliyojisifia maisha yake yote, kama alivyoliita kwa jina hilo jeshi lake teule na meli yake ya mtoni. Jina la sasa lilikuja mwaka 1997. Watu wa Kamanyola yenyewe, waliokopwa jina na hawakujengewa uwanja, wana sababu ya pekee ya kuumia mabao mawili yanapoyeyuka pale.

Lakini mechi hizo zinathibitisha nini? Timu isiyojua mpira haiongozi 2-0 mbele ya Tunisia na Senegal. Kinachokosekana ni kile kinachohitajika baada ya kuongoza: benchi lililoandaliwa, nguvu za kumalizia, utulivu unaojengwa na mechi nyingi ngumu za ligi ya nyumbani na maandalizi yasiyokatizwa na mizozo ya fedha. Hayo hayatoki kwa mganga, yanatoka kwenye shirikisho. Na shirikisho la mpira la Kongo, FECOFA, lilifikia hali ambayo mwaka 2023 FIFA ililazimika kuteua kamati ya muda kuliendesha. Mwaka huohuo msimu wa ligi kuu, Linafoot, ulikatika kabla ya kumalizika. Mashariki mambo ni magumu zaidi. Kutoka Bukavu hakuna barabara ya kuaminika kwenda Kinshasa, kwa hiyo klabu kama Bukavu Dawa au Muungano zimekuwa zikilazimika kutafuta tiketi za ndege kwa kikosi kizima ili kucheza mechi ya ugenini. Kijana mwenye kipaji katika bonde la Ruzizi anaanza mashindano akiwa nyuma kwa nauli.

Ushahidi wa upande wa pili ni mzito vilevile. Palipopatikana fedha na utaratibu, Wakongo walishinda. TP Mazembe ya Lubumbashi, chini ya rais wake Moïse Katumbi, ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 iliitoa Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kombe la wachezaji wa ligi za nyumbani, CHAN, Kongo ililichukua 2009 na tena 2016. Hilo la 2016 lilichezwa Rwanda, hatua chache kutoka Kamanyola: Chui wa kocha Florent Ibenge waliwatoa wenyeji katika robo fainali kwa 2-1, kisha, mwezi Februari, wakaifunga Mali 3-0 katika fainali mjini Kigali. Anayesema timu za Kongo hushindwa daima lazima kwanza aifute Februari hiyo katika kumbukumbu za bonde zima.

Imani ya laana si ya Kongo peke yake. Katika besiboli ya Marekani, klabu ya Chicago Cubs ilikaa miaka 108 bila ubingwa, tangu 1908. Mashabiki walisimulia kwamba mwaka 1945 mwenye baa mmoja alifukuzwa uwanjani na mbuzi wake, akailaani timu. Hadithi hiyo iliwafaa sana wenye klabu, kwa sababu mbuzi halaumiwi kwa usajili mbaya. Mwaka 2009 klabu ilipata wamiliki wapya, na 2011 wakamwajiri Theo Epstein, aliyekuwa ameiongoza Boston Red Sox hadi kumaliza ukame wake wa miaka 86. Alianza kwa kuvumilia: mwaka 2012 Cubs walipoteza mechi 101. Wakalea vijana, wakabadilisha namna ya kusajili, na 2016 wakawa mabingwa. Hakuna aliyemtafuta mbuzi. Laana iliondoka ilipopatikana ofisi inayofanya kazi.

Dai la pili, kwamba shabiki mwaminifu ni mjinga, limejengwa juu ya dhana kwamba watu huenda kwenye mpira kununua furaha, hivyo anayepewa huzuni amepunjwa. Dhana hiyo haielezi kinachotokea vibandani. Mashabiki wa Chui hawajadanganywa kuhusu timu yao. Hakuna watu wanaozijua kasoro zake kuliko wao. Hutaja majina ya mabeki waliolala, hukumbuka dakika, hubishana kuhusu mabadiliko ya kocha wa miaka minane iliyopita. Machungu yao yanatokana na kujua, na mjinga hana machungu ya namna hiyo. Aidha wameona mambo ambayo mtu wa kuhamahama hayaoni. Februari 1998, kule Ouagadougou, Kongo ilikuwa nyuma 4-1 mbele ya wenyeji zikiwa zimebaki dakika chache katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu. Ikafunga matatu, ikasawazisha 4-4, ikashinda kwa penalti. Aliyezima redio mabao yakiwa manne aliisikia habari hiyo kwa jirani.

Wapo wanaoliweka dai hili kwa njia nzito zaidi, nao wanastahili jibu la heshima. Husema kwamba katika nchi ya vita, kuumia kwa sababu ya mpira ni anasa. Kivu inajua maana ya vita: Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na Kamanyola ikaangukia mikononi mwao mwezi huohuo. Lakini ilikuwa ni timu hii hii, katika mechi iliyoipoteza, iliyobeba habari za mashariki mbele ya dunia. Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ulipokuwa ukipigwa wachezaji walifunika midomo yao kwa kiganja kimoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bastola. Mamilioni ya watu wasiowahi kusikia majina ya miji ya Kivu waliuliza maana yake. Mechi iliisha 1-0 kwa bao la Sébastien Haller na Kongo ikatoka. Kwa watu wa mashariki, usiku ule haupimwi kwa bao lile. Timu ya taifa ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu wa Kamanyola, wa Kisangani na wa Matadi bado wanavimiliki pamoja, na kumwambia wa Kamanyola aiache ni kumwongezea hasara juu ya hasara.

Dai la tatu, la kuhamia Ulaya, lina kasoro ya kwanza iliyo wazi: haliponyi ugonjwa linaodai kuutibu. Arsenal, klabu yenye wapenzi wengi katika Afrika Mashariki yote, ilitwaa ligi ya Uingereza mwaka 2004, kisha ikamaliza misimu 21 bila kuitwaa tena, hadi ule wa 2024/25. Manchester United haikuitwaa kati ya 2013 na msimu huohuo. Kijana anayeikimbia Chui kwa sababu ya machungu na kukimbilia Arsenal amebadilisha rangi ya machungu tu. Tena jezi hiyo, tangu 2018, ilikuwa na tangazo la utalii wa Rwanda kwenye mkono. Februari 2025, siku chache baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23, ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, serikali ya Kongo iliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain ikizitaka ziache mikataba yao na Rwanda. Mtu wa bonde la Ruzizi anayeambiwa kwamba huko ndiko mpira ulikotulia bila siasa anadanganywa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kuhama kwa mashabiki kunahamisha fedha, macho na hasira. Katikati ya 2025 serikali ileile ilitia saini mkataba na Barcelona ili jina la Kongo litangazwe na klabu hiyo, kwa thamani iliyoripotiwa kupita euro milioni 40 kwa miaka minne. Fedha hizo zingenunua nyasi, taa, mabasi na tiketi za ndege kwa klabu nyingi. Uamuzi kama huo huwa rahisi kwa viongozi pale wanapoona kwamba hata raia wao macho yao yako Camp Nou. Kila kibanda kinachojaa siku ya Barcelona na kubaki tupu siku ya Chui huwapa hoja.

Kuna pingamizi moja ambalo kambi ya kuhama hulitumia ikibanwa: kwamba shabiki asiyeondoka ndiye anayewalea viongozi wabovu, kwa kuwa wanajua atarudi tu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kubaki kungekuwa sawa na kunyamaza. Si sawa. Mtu aliyehama hana sababu ya kuuliza posho za wachezaji ziko wapi, hafuatilii uchaguzi wa shirikisho, hajali kama ligi imekatika. Maswali hayo huulizwa na waliobaki, redioni, sokoni na mlangoni mwa uwanja, na ndiyo yanayowaudhi wakubwa. Habari za fedha za 1974 zimeishi hadi leo kwa sababu walikuwepo watu walioendelea kumsikiliza Mwepu Ilunga baada ya dunia kumaliza kumcheka.

Wala uaminifu huo hausubiri ushindi ili kuhalalishwa, ingawa ushindi hutokea. Novemba 2025, miezi miwili baada ya kuporomoka mbele ya Senegal, Chui walikwenda Morocco kwa mechi za mtoano za Afrika za kufuzu Kombe la Dunia. Tarehe 13 waliitoa Cameroon 1-0 kwa bao la nahodha Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza. Tarehe 16 mjini Rabat walitoka sare ya 1-1 na Nigeria, wakashinda 4-3 kwa penalti, na penalti ya mwisho aliipiga Mbemba huyohuyo, anayeivaa jezi hiyo tangu 2012. Kama wangekosa, hoja za makala haya zisingebadilika hata moja.

Kinachobaki ni madai ya mashabiki, nayo ni ya kawaida na yanatekelezeka: posho za wachezaji zilipwe kabla ya safari na hesabu zake zitangazwe, Linafoot ianze na kumalizika kwa tarehe zilizopangwa, klabu za mashariki zisaidiwe nauli ya ndege, wachezaji wa zamani wapewe pensheni wakiwa hai, na mji uliolikopesha taifa jina la uwanja wake mkubwa upatiwe kiwanja chenye nyasi, uzio na vyumba vya kubadilishia nguo.